Kugeuza shavu la pili si kunyamazia kipigo

Wiki iliyopita, baada ya somo la Biblia, mama mmoja alibaki kitini hadi wenzake wote walipotoka. Alinifungulia Mathayo 5:39, aya aliyokuwa ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu, akaniuliza kama ni dhambi kumshtaki mumewe anayempiga, kwa sababu mzee wa kanisa alimwambia kwamba Yesu ametuagiza tugeuze shavu la pili. Nimefundisha Agano Jipya kwa miaka mingi, na fundisho hilo nimelisikia mara nyingi kupita kiasi.

Yesu mwenyewe alipigwa kofi mbele ya Anasi, aliyewahi kuwa kuhani mkuu (Yohana 18:22–23). Hakurudisha, lakini pia hakunyamaza: alimtaka aliyempiga aseme waziwazi kosa lilikuwa lipi, na kama halikuwapo, aeleze kwa nini amempiga. Paulo naye, alipochapwa Filipi bila hukumu, alikataa kutolewa gerezani kimyakimya, akasisitiza wakuu waje wenyewe kumtoa.

Shida yote imo katika neno “msishindane”, kwa kuwa aya ya shavu inaanza kwa “Msishindane na mtu mwovu”. Kitenzi hicho hicho cha Kiyunani ndicho kilichomo katika Waefeso 6:13, ambapo waamini wanatakiwa kushindana siku ya uovu, kwa hiyo haiwezekani Mathayo awe anakataza kila namna ya kuupinga uovu. Katazo lenyewe linaelezwa na aya iliyotangulia, jicho kwa jicho: tusilipe kipigo kwa kipigo.

Mathayo anataja pia shavu la kuume. Anayetumia mkono wa kulia, akikukabili uso kwa uso, hulifikia shavu hilo kwa kisogo cha mkono, na kofi la namna hiyo lilikusudiwa kudhalilisha kuliko kuumiza. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika takriban mwaka 200 baada ya Kristo, inatoza fidia ya zuzi (sarafu za fedha) 200 kwa kofi la kawaida na 400 kwa kofi la kisogo cha mkono. Kwa hiyo anayegeuza shavu la pili anakataa kudhalilika, wala hajainua mkono. Naipenda tafsiri hii, lakini lazima nikiri kwamba Luka 6:29 haisemi ni shavu lipi, na mahubiri yanayoitegemea peke yake yamesimama juu ya neno moja tu la Mathayo.

Hapa ndipo uhuru unapoingia. Mtu anayelipiza bado anaongozwa na aliyempiga, kwa maana adui ndiye anayemchagulia la kutenda. Tarehe 30 Januari 1956, nyumba ya Mchungaji Martin Luther King huko Montgomery, Marekani, ilipigwa bomu, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. Umati uliokusanyika, baadhi yao wakiwa na silaha, aliusihi urudi nyumbani na kuwapenda adui zake. Lakini mgomo aliouongoza, wa watu weusi kususia mabasi yaliyowabagua, haukulegezwa hata kidogo. Uliendelea hadi ukatimiza siku 381, na ubaguzi katika mabasi ya mji huo ukakoma kwa amri ya mahakama. Wanaohubiri upendo huo na kuuacha mgomo wanahubiri nusu ya habari.

Swali linaloninyima usingizi ni la anayepigwa akiwa si mimi, bali mtoto wa jirani. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani, alifundisha Mahubiri ya Mlimani, ambamo aya hii ya shavu imo, kwa uzito mkubwa, kisha akajiunga na waliokula njama ya kumwondoa Hitler, akanyongwa tarehe 9 Aprili 1945. Siwezi kumhukumu, wala siwezi kumfanya kuwa kanuni.

Kwa mama yule sikuwa na shaka. Nilimweleza kwamba kumshtaki mumewe si kulipiza kisasi. Akaniuliza, “Mwalimu, na kusamehe je?” Nikamjibu kwamba kusamehe ni kuacha kumtakia mabaya, na hilo anaweza kulifanya akiwa salama nyumbani kwa dada yake. Alasiri hiyo tulikwenda pamoja polisi, naye akatoa maelezo yake mwenyewe, bila kuinamisha kichwa.