Mguu kwanza, skrubu pili: ninavyochagua mikanda na viatu vya bodi

Msimu wa kusi uliopita alikuja karakanani kwangu hapa Paje kijana mmoja, mwalimu wa kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara kubwa juu ya maji ukiwa umesimama kwenye bodi, bodi kwapani na mkanda mmoja wa kushikia mguu mkononi. Mkanda ulimtoka akiwa hewani. Yeye alitua huku, bodi ikatua kule, akabaki anaifuata huku kaiti inamvuta asikotaka. "Fundi, mkanda umekatika," akaniambia. Nikaupokea nikaugeuzageuza. Haukukatika. Utepe mzima, velkro nzima, mishono yote mahali pake. Kilichokufa ni skrubu: kichwa kimebaki kwenye mkanda, mwili umebaki ndani ya bodi, na pale ilipovunjikia pana rangi ya kahawia karibu mpaka katikati. Kutu ilianza kuila miezi mingi nyuma. Ule mruko ulimalizia tu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila anayetaka kununua mikanda huniuliza kampuni gani nzuri, na jibu la swali hilo sina. Nimefungua mikanda ya aina nyingi zinazofika pwani hii, na ndani vitu ni vilevile: utepe, sponji, velkro, plastiki ngumu na skrubu. Tofauti iko katika namna inavyokukaa wewe mguuni, na namna itakavyovumilia chumvi, jua na mchanga. Ninayoiona mimi mezani, mingi haikuuawa na kuruka. Imeuawa na yale masaa iliyolala juani bila kazi.

Weikibodi, mchezo wa kuvutwa na boti juu ya bodi, ulianza bila mikanda. Katikati ya miaka ya 1980 huko California, Tony Finn alikuwa na bodi fupi ya kuvutwa na boti iliyoitwa Skurfer, na mtu alisimama juu yake miguu mitupu, hajafungwa popote. Mwaka 1985 mikanda ya miguu ikaongezwa, na hapo ndipo watu walipoweza kuruka na bodi ikawafuata hewani. Mwaka 1990 Herb O'Brien akatoa bodi za Hyperlite, na baadaye viatu kamili vya kufungwa kwenye bodi vikawa jambo la kawaida. Sisi wa kaiti tumerithi vyote viwili. Wengi tunatumia padi, yaani vile vimito vya kukanyagia, na mikanda, wachache wanatumia viatu kama vya weikibodi.

Basi, mikanda au viatu? Kwa mtu anayevutwa na boti au kebo kwenye maji ya kina, mimi ningemwambia viatu bila kusita. Kisigino hakinyanyuki, bodi inatii mara moja, na akianguka kuna maji ya kutosha chini yake. Kwa Paje jibu langu ni lingine. Siku za bamvua maji yakipwa, unaweza kujikuta mbali na ufuko, maji yako kwenye ugoko, mbele yako vigingi vya mwani na kamba za kina mama, chini yako matumbawe. Mwenye mikanda anachomoa miguu, anashika bodi, anatembea. Mwenye viatu anakaa chini kwenye maji haya machache, anahangaika na kamba kwa mikono miwili ambayo mmoja unatakiwa uwe kwenye kaiti. Na kuna suala la goti. Mkanda mzuri huuachia mguu ukianguka vibaya, lakini kiatu hakiachii kirahisi, na bodi ikipinda upande mmoja na mwili upande mwingine, kinachobaki kupokea msokoto ni kifundo na goti. Mwanafunzi wangu hagusi viatu, hata kama kaja navyo kwenye sanduku.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti ni kwamba bodi nyingi nyembamba za kaiti hazikutengenezwa kwa viatu. Kiatu kina nguvu ya kuinua kama mtaimbo. Kabla ya kununua, hakikisha mtengenezaji wa bodi anasema wazi kwamba inapokea viatu, na kwamba mashimo yake yanalingana na sahani ya kiatu. Skrubu zenyewe kwa kawaida ni za milimita 6, lakini umbali kati ya mashimo haufanani kwenye kila bodi.

Sasa starehe, ambayo watu wanaichukulia kama anasa. Mguu unaouma hulegezwa mkanda, mkanda uliolegea huruhusu kisigino kucheza, na kisigino kinachocheza ndicho kinachotoka hewani. Usipime mkanda mguu ukiwa mkavu. Mguu mkavu unakwama kwenye sponji na kukudanganya kwamba umeshika. Lowesha miguu, ingiza, piga magoti kidogo kama uko majini, kaa hivyo dakika chache. Mkanda ukae juu ya mgongo wa mguu, si juu ya vidole, na ubane kwa upana wake wote. Ukiona ukingo mmoja umekula ngozi na mwingine una nafasi ya kidole, hiyo mikanda haijaumbwa kwa mguu wako, au imefungwa kushoto kulia na kulia kushoto. Hili la pili nalikuta mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Sisi tuliokulia pekupeku tuna miguu mipana mbele, vidole vimejitandaza. Viatu vingi vya bodi vinavyoletwa na wageni ni vyembamba hapo hapo. Niliwahi kujinunulia jozi, nyeupe yenye mistari ya buluu, nikaipenda kabla hata sijaivaa. Namba ilikuwa sahihi kabisa. Wiki tatu baadaye kucha mbili zilikuwa nyeusi, na mke wangu ananiuliza kama nimeangukiwa na jiwe. Kwa mguu wa namna hii tafuta kiatu kilicho wazi vidoleni, au mikanda inayorekebishwa pande zote mbili, ili uweze kuisogeza katikati yake ikae pale mguu wako unapotaka. Kama ni kiatu kilichofungwa, kidole gumba kiguse mbele kwa mbali ukiwa umesimama wima, na ukikunja magoti kirudi nyuma kidogo. Kisigino kisinyanyuke hata unene wa sarafu. Mguu ukikataa kuingia tumia maji ya sabuni laini. Mafuta ya mgando na mafuta ya injini yanaila mpira.

Kuhusu upana wa kusimama, nina njia yangu. Nenda pale mchanga ulipo mbichi, ruka juu mara tatu bila kufikiri, tua, usisogee. Kisha toka uangalie nyayo zako. Umbali kati ya nyayo hizo mbili ndio ninaoanza nao kuchagua mashimo, na jinsi vidole vilivyotazama nje, kama bata, ndiyo pembe ninayoanza nayo kwenye padi. Magoti yako yanajua kazi yake kuliko karatasi ya maelekezo. Mashimo ya bodi hayatakupa kipimo kamili, chukua yaliyo karibu.

Padi zenyewe ni povu la EVA, ndugu wa damu na ndala unazovaa kwenda dukani. Kwa hiyo unalijua tayari. Unajua ndala mpya inavyorudi ukiibonyeza na ndala iliyochoka inavyobaki na shimo la kisigino. Bonyeza padi kwa kidole gumba. Ninayoipenda ni laini juu na ngumu chini, nene kiasi kwenye kisigino kwa ajili ya kutua, na yenye kiuvimbe mbele cha kushikwa na vidole. Padi nene kupita kiasi inakupa raha siku ya kwanza, halafu unagundua huihisi bodi tena, uko kama mtu aliyesimama juu ya godoro.

Sasa turudi kwenye skrubu, maana hapa ndipo wengi wanapotupa pesa. Stenlesi si moja. Ile ya kawaida, namba 304, inafaa jikoni. Ya baharini ni 316, ambayo imeongezewa molibdeni ili ishindane na chumvi. Sumaku ya spika mbovu itakusaidia nusu: ikiivuta skrubu kwa nguvu, huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa mng'aro, irudishe. Isipovuta, au ikivuta kwa mbali, huenda ni stenlesi, ila sumaku haiwezi kukuambia ni namba ipi. Hapo unategemea muuzaji mwaminifu au maandishi kwenye pakiti.

Na hata 316 huliwa. Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba sana unaohitaji oksijeni ili ujirudishe ukikwaruzwa. Chini ya washa, ile pete bapa ya chini ya kichwa cha skrubu, ndani ya tundu la bodi, maji ya chumvi yanakaa na hewa haifiki. Utando unakufa, na kutu inaanza kuchimba kimya kimya mahali ambapo huoni. Kwa nje kichwa kinang'aa. Ndivyo ilivyokuwa skrubu ya yule kijana. Kwa hiyo kila mwezi, msimu ukiwa umechanganya, nazitoa zote, nazisuuza kwa maji matamu, nazipaka grisi ya baharini, nazirudisha kwa mkono. Kwa mkono, si kwa mashine ya kutobolea. Mashine haijui kuacha, na tundu likishang'oka ndani ya bodi, bodi hiyo imekuwa rafu ya vitabu. Tumia bisibisi ya nyota namba 3. Wengi wanatumia namba 2 kwa sababu ndiyo iliyopo nyumbani, inateleza, inakila kichwa, halafu wananiletea mimi.

Urefu nao una maana. Skrubu fupi inashika meno mawili matatu, haitamaliza wiki. Ndefu inagonga chini ya tundu na kusukuma tumbo la bodi mpaka rangi inapasuka. Ukibadilisha mikanda, tumia skrubu zilizokuja nayo, na kabla ya kukaza hesabu mizunguko: ikifika mitano au sita niko tayari kuingia majini.

Kwa viatu nina upendeleo ambao vijana wananicheka. Vile vyenye kitasa cha kuzungusha na waya ni vizuri sana mpaka mchanga wetu laini uingie kwenye kitasa. Kamba ya kawaida ikikatika naipata sokoni Mwanakwerekwe siku hiyo hiyo. Waya na kitasa lazima viagizwe, na mpaka vifike kusi imekwisha, tunasubiri kaskazi. Ukiweza, chagua kiatu ambacho soksi yake ya ndani inatoka, ikauke peke yake kivulini. Kisipokauka, harufu itakufukuza hata kabla mishono haijaoza.

Wengi wetu hatununui mpya. Wageni wanaondoka, vifaa vinabaki, tunapatana bei. Hapo kagua hivi. Fungua velkro yote mpaka mwisho na uangalie mshono uliofichwa chini yake, ndipo uzi unapoanza kuchanika. Velkro iliyojaa mchanga si mbovu, mswaki wa zamani na maji matamu vinaifufua. Ila ikiwa vinywele vyake vimelala na kuota manyoyanyoya, haishiki tena. Ikunje plastiki ya chini polepole: mistari myeupe ikijitokeza, imeanza kupasuka kwa ndani. Vuta pembe ya padi kwa ukucha uone kama gundi bado iko hai. Povu lililobadilika rangi na kumomonyoka kama andazi la jana limekwisha kwa jua, hata mwenyewe akiapa kwamba alitumia wiki mbili tu. Na mwombe azifungue skrubu mbele yako. Akianza kutafuta visingizio, teremsha bei au ondoka.

Ya yule kijana ilinichukua karibu saa mbili. Moto sikuutumia, ungeharibu bodi. Nilidondoshea mafuta ya kulainisha kutu, nikanywa chai, nikatoboa tundu dogo katikati ya skrubu, nikagongea chuma chenye pembe na kuzungusha kinyume robo kwa robo mpaka ikatoka na vumbi lake jekundu. Nikamwonesha. Nyingine saba tukazitoa, tatu zilikuwa njiani kuelekea kule kule. Akalipa, akashukuru, akatoka. Nilipochungulia dirishani, bodi ilikuwa imelala mchangani, mikanda imetazama juu, jua la saa saba linaipiga, na yeye kasimama kivulini anaongea na simu. Nikamwita kwa jina lake lote.