Herufi nyembamba na kuta za Goma

Wateja wengi wanaokuja kutengenezesha mabango hapa Goma wanataka herufi nyembamba, zisizo na serifu (vile vimkia vya mwishoni mwa mistari), "kama za kwenye simu". Nawaelewa. Hoteli ikiandikwa hivyo inaonekana ya bei. Ila wembamba una masharti.

Mchora herufi Adrian Frutiger alipotoa fonti ya Univers mwaka 1957, aliipanga kwa namba: 45 nyembamba, 55 ya kawaida, 65 nene. Uzito mwembamba (uzito ni unene wa mistari ya herufi) hauchorwi kwa kupunguza unene huo tu. Tumbo la "o" na la "n", yaani uwazi wa ndani, linapanuka, kwa hiyo nafasi kati ya herufi na herufi nayo lazima ilegezwe. La sivyo neno linabanana huku kila herufi imepwaya.

Kiswahili kinaongeza shida yake. Andika "ililiwa" kwa fonti ya Helvetica nyembamba, iwe ndogo: unapata uzio wa miti, na nukta za "i" ndizo zinazokuokoa. Mimi huchagua fonti yenye "l" iliyopinda mkia, na yenye "e" iliyo wazi mdomo, kama "e" ya fonti iitwayo Frutiger, iliyotokana na vibao vya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, Paris. Helvetica huufumba mdomo huo. Kwa mbali "leo" inasomeka "loo".

Halafu njoo kwenye vinili, ile plastiki ya kubandika. Ukishakata, unapong'oa mabaki, mistari myembamba inanyanyuka pamoja nayo, hasa miguu ya "k". Ukutani ndiyo balaa. Mawe yetu ya volkano yamejaa matundu. Rangi nyeupe ikipita kwa mstari mwembamba inazama humo na herufi inabaki vipande vipande. Mstari uwe mpana kuliko tundu kubwa la jiwe: hilo nalipima kabla ya kuwasha kompyuta.

Bango la taa lina nafuu. Herufi nyeupe juu ya nyeusi zikimulikwa kwa nyuma huonekana nene kuliko zilivyo, kwa hiyo nakubali kushuka uzito mmoja. (Umeme ukikatika, tusilaumiane.)

Kwenye simu namba ni nyingine: uzito 300, ulio mwembamba, nauachia vichwa vya habari; maandishi marefu yabaki 400, ya kawaida, na yasiwe ya kijivu. WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na kila mtu, unadai tofauti ya mwanga ya 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, lakini hesabu hiyo inalinganisha rangi mbili tu, haipimi unene wa mstari. Herufi nyembamba inaweza kufaulu hapo na bado isisomeke juani.