Tovuti Ikizimwa, Hakimiliki Haizimiki

Kila kampuni inapotangaza kufunga huduma ya kuhifadhi tovuti, maswali tunayopokea huongezeka, na mengi yana dhana ileile: "Haipo tena hewani, basi naweza kuichukua niipandishe kwangu." Hapana. Hakimiliki ni ya mtunzi, si ya seva. Kwa kanuni za Mkataba wa Berne, ulioanza mwaka 1886, maandishi hulindwa tangu yanapotungwa, bila usajili wala alama yoyote, hadi angalau miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Nchi nyingi zimefika 70. Tovuti ya 1998 bado sana kuwa mali ya umma.

Uchungu wenu tunauelewa. GeoCities, huduma ya kuhifadhi tovuti za watu binafsi, ilipofungwa Marekani Oktoba 2009, kurasa za watu wa kawaida zilipotea kwa wingi, na nyingi zilizobaki tunazisoma leo kwa sababu wanaojitolea wa Archive Team waliwahi kuzinakili. Tunaiheshimu kazi hiyo.

Lakini chukua ukurasa mmoja wa mpenzi wa redio za zamani. Maelezo ni yake. Mchoro wa saketi umeskaniwa kutoka kitabu cha mtengenezaji. Picha tatu zimetumwa na wasomaji, na mojawapo ina jina la mpigapicha pembeni kwa herufi ndogo. Mwenye tovuti akikuruhusu, amekuruhusu kilicho chake tu. Hapa hujikwaa hata watu makini.

Ombeni ruhusa kabla tovuti haijafungwa. Taja kurasa unazozitaka, utakapoziweka, kama utazihariri, na kama kutakuwa na matangazo. Jibu liwe la maandishi, ulitunze pamoja na tarehe yake. Kunyamaza si kuridhia. Mwenyewe akiwa amefariki, wanaoombwa ni warithi wake. Maktaba na makumbusho za Umoja wa Ulaya zina nafuu yake katika Maelekezo ya 2019 ya Umoja huo kuhusu hakimiliki, ya kunakili kilichomo katika mikusanyo yao ya kudumu ili kisipotee. Nafuu hiyo haimhusu mtu binafsi, hata awe na nia njema kiasi gani.

Ukipandisha bila ruhusa kwenye seva iliyo Marekani, mwenye haki anaweza kumtumia mtoa huduma wa seva hiyo notisi ya kuondoa ukurasa chini ya sheria ya Marekani ya 1998 ya hakimiliki mtandaoni (DMCA). Notisi hiyo huwa na saini, hutaja kazi na mahali ilipo, na hueleza kwamba anayelalamika anaamini kwa dhati kuwa haki imevunjwa. Ukiipinga kwa maandishi, mtoa huduma hurudisha ukurasa kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa mlalamikaji amefungua kesi. Kwa kazi iliyosajiliwa Marekani kwa wakati, mahakama huweza kutoza dola 750 hadi 30,000, na hadi 150,000 kwa ukiukaji wa makusudi. Hiyo ni kwa kila kazi. Rudini kwenye ule ukurasa wa redio, mhesabu.

Na wewe mwenye tovuti, andika leo chini ya ukurasa wa kwanza nani anaruhusiwa kunakili na kwa masharti gani. Mstari mmoja unatosha, na atakayeikuta nakala baada ya miaka 20 hatalazimika kukutafuta.