Kidole cheusi kisichouma

"Hakiumi, daktari." Wagonjwa wengi wa kliniki ya miguu hapa Moshi huisema kwa fahari, nami hunitia hofu kuliko kilio. Juzi aliisema mzee kutoka Uru. Usiku wa baridi ya Julai aliota miguu jikoni, asihisi moto ukimuunguza, maana kisukari kilishaua fahamu za nyayo. Wiki tatu baadaye kidole gumba kilikuwa cheusi, kimesinyaa kama tini kavu, na binti yake amekifunga kwa kipande cha kitenge.

Hilo ni donda ndugu kavu. Halinuki sana, na mpaka kati ya nyama hai na iliyokufa unaonekana. Linatupa muda kidogo. La majimaji, lenye uvimbe, malengelenge na harufu inayokutangulia mlangoni, halingoji asubuhi. Ukibonyeza ngozi ukasikia chembechembe zinapasuka chini ya vidole, kuna gesi ndani: piga simu chumba cha upasuaji, eksirei ifuate. Na katika ngozi yetu nyeusi usingoje wekundu ukuonyeshe maambukizi. Linganisha nyayo mbili, kisha pitisha mgongo wa mkono upime joto.

Kwa mzee huyu sikupata mpigo juu ya wayo wala nyuma ya kifundo. Tukapima presha ya kifundo na kuigawanya kwa ya mkono. Chini ya 0.9 damu haifiki vizuri. Yeye alipata 1.5. Daktari wetu wa mafunzo akafurahi: "Mzee ana damu nyingi!" Hapana. Mishipa ya mwenye kisukari cha miaka mingi hujaa chokaa, mkanda wa presha ukashindwa kuibana. Ikizidi 1.4, namba hiyo usiitegemee. Tulipofunga mkanda mdogo kwenye kidole cha pili tukapata presha ya milimita 28 za zebaki, na chini ya 30 kidonda kina matumaini madogo sana ya kupona bila kufunguliwa njia ya damu.

Kijiti cha chuma kilichochemshwa nikakiingiza kwenye ufa pembeni mwa ukucha. Kikagota kwenye kitu kigumu: mfupa, ishara kwamba huenda nao umeambukizwa. Eksirei ilikuwa safi, lakini mfupa ulioambukizwa unaweza kuchukua wiki mbili kabla ya kuonekana kwenye picha. Sampuli ya maabara tulikata nyama ya ndani baada ya kusafisha. Pamba iliyopitishwa juu juu mara nyingi huleta vijidudu vya ngozi tu.

Jioni mzee akaniuliza kama ataota moto tena.

"Utaota, babu. Ila mikono tu."