Kazi ya wengi mtandaoni: nani mwenye mali, nani mwenye funguo, nani kiongozi

Katika mafunzo tunayoendesha maktabani kwa watu wanaoanza kuandika Wikipedia ya Kiswahili, swali moja halikosekani: "Makala nimeianzisha mimi. Kwa nini mtu mwingine aibadilishe bila kuniomba ruhusa?" Anayeuliza huwa ametumia jioni nzima kuandika juu ya wilaya yake au mwanamuziki anayempenda, asubuhi akakuta aya nzima imeondolewa. Uchungu wake ni wa kweli na unastahili jibu kamili.

Jibu linaanzia kwenye historia ya makala, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Humo kila badiliko limeandikwa na jina la akaunti iliyolifanya, tarehe na saa, na unaweza kulinganisha matoleo mawili neno kwa neno. Ulichoandika jana kipo. Kisheria pia bado ni chako: hakimiliki ya maneno yako inabaki kwako, ila ulipohifadhi ukurasa ulikubali leseni ya Creative Commons. Leseni hiyo inamruhusu yeyote kuyatumia, kuyabadilisha na hata kuyauza, mradi awatambue waliochangia na atoe kazi yake kwa masharti hayohayo. Huwezi kumzuia mwenzako kuhariri, naye hawezi kujifanya kwamba kazi yako ni yake. Hata bingwa wa somo husika haruhusiwi kuushika ukurasa kana kwamba ni shamba lake.

Wapo pia wakabidhi, yaani wahariri waliopewa zana za kufuta kurasa, kuzilinda na kuwafungia waharibifu. Wengi hudhani hao ndio wenye Wikipedia. Sivyo. Wamekabidhiwa zana kwa kuaminiwa na wenzao, na mzozo ukizuka juu ya kilichoandikwa, hoja ya mkabidhi inapimwa kwa vyanzo alivyoleta, kama ya mhariri mwingine yeyote.

Ugomvi mwingi wa jumuiya za mtandaoni unatokana na kuchanganya mambo manne: maudhui ni ya nani, jina ni la nani, funguo za seva (kompyuta zinazohifadhi tovuti) zinashikwa na nani, na nani anaongoza kazi. Kwenye gazeti la kawaida yote huwa mikononi mwa kampuni moja. Wikipedia imeyatenganisha. Maudhui ni ya wachangiaji chini ya leseni, jina na seva viko kwa Wikimedia Foundation ya Marekani, na uongozi wa kila siku uko kwa wahariri wa kila lugha.

Mgawanyo huo haukuwapo tangu mwanzo. Wikipedia ilipozinduliwa Januari 2001, ilitegemea kampuni ya Bomis ya Jimmy Wales, mmoja wa waanzilishi wake. Mwanzoni mwa 2002 yalizuka mazungumzo kwamba huenda matangazo ya biashara yangewekwa. Wachangiaji wa Kihispania walikataa kabisa kazi yao ya bure iwe chambo cha matangazo. Kwa kuwa leseni iliwaruhusu, walichukua makala zao wakahamia kwenye seva ya Chuo Kikuu cha Sevilla, wakaanzisha Enciclopedia Libre. Matangazo hayakuja. Mwaka huohuo anwani ilibadilishwa kutoka .com kwenda .org, na 2003 ikaundwa taasisi isiyo ya faida, ndiyo hiyo Wikimedia Foundation. Nadhani mtu hawezi kuelewa uongozi wa mtandaoni bila kisa hiki. Kiongozi asiyeweza kuwafungia watu mlango inabidi awasikilize.

Jambo kama hilo lilitokea Mei 2021 kwenye Freenode, mtandao wa mazungumzo ambao miradi mingi ya programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuzibadilisha, iliutegemea. Waliouendesha kwa miaka walikuwa watu wa kujitolea, lakini kampuni yenye jina hilo ilikuwa imekwenda kwa mwenye mali mwingine. Mvutano ulipokomaa, watu hao wa kujitolea walijiuzulu kwa pamoja wakafungua mtandao mpya, Libera Chat, na miradi mikubwa ikawafuata. Mwenye kampuni alibaki na jina. Watu walikuwa wameondoka.

Lakini kuondoka kuna gharama, na hapa sisi wa lugha zenye wahariri wachache tuwe macho. Wikipedia ya Kikroatia ilishikwa kwa takriban miaka kumi na kikundi kidogo cha wasimamizi. Walipotosha historia, hasa ya Vita Kuu ya Pili, na waliowapinga wakafungiwa. Ripoti ya Wikimedia Foundation ya 2021 iliyaeleza hayo kwa kirefu. Kwa upande wa pili, mwaka 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti, ilikuwa imeandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alifanya kwa nia njema, lakini hakukuwa na wazungumzaji wa kutosha wa kumwelekeza. Huko Kroatia mamlaka yalikazwa kupita kiasi, na kwa Kiskoti hakukuwa na mtu wa kuyashika. Dawa ninayoiona kwa yote mawili ni wahariri wengi zaidi wanaosoma kazi za wenzao. Ndiyo maana tunamsihi kila anayehitimu mafunzo apitie mabadiliko ya karibuni kila wiki, hata kama siku hiyo haandiki chochote.

Kung'atuka nako ni sehemu ya uongozi. Guido van Rossum, aliyebuni lugha ya programu ya Python, alikuwa na neno la mwisho kwa karibu miaka thelathini. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya pendekezo moja la kiufundi, alijiuzulu bila kuteua mrithi. Wenzake walijadili mifumo kadhaa ya uongozi, wakapiga kura, na mwanzoni mwa 2019 wakachagua baraza la watu watano. Yeye mwenyewe aligombea, akawa mmoja wa hao watano. Debian, jumuiya inayotengeneza mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, wamekwenda mbali zaidi, kwani wao huchagua kiongozi kila mwaka.

Kwa jirani zetu wa ramani huria ya OpenStreetMap, umiliki ulipimwa mwaka 2012 walipobadilisha leseni. Kila mchangiaji aliulizwa kama anakubali. Data za waliokataa na za wasiopatikana ziliondolewa, na barabara zilizofutika zikachorwa upya na wengine. Hasara ilionekana kwenye ramani, lakini hakuna aliyeporwa kazi yake. Ramani hiyohiyo ndiyo iliyojazwa jijini Dar es Salaam kuanzia 2015 katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi kuchora mitaro, njia na nyumba za maeneo yanayofurika. Mkazi aliyeonyesha mtaro ulipoziba hahitaji kibali cha ofisi yoyote kuichukua ramani ya mtaa wake na kuichapisha.

Ukitaka kujua jumuiya yako imesimama wapi, iwe kikundi cha wahitimu, cha wanahistoria wa mkoa au cha wafasiri, anza na funguo. Jina la tovuti limesajiliwa kwa nani, na ada ya mwaka inalipwa kutoka simu ya nani? Picha na maandishi yamehifadhiwa mahali pengine, au yako kwenye akaunti ya mtu mmoja? Kwenye WhatsApp, msimamizi pekee akitoka, programu humweka mwanakikundi mwingine kuwa msimamizi bila kuwauliza ninyi. Wekeni wasimamizi wawili au watatu mapema, na andikeni kwa leseni gani michango inatolewa, mwanachama mpya aisome kabla hajaleta picha yake ya kwanza.