Milifoili ya ziwani si ile ya chai, na kuikata si kuimaliza

Dhana: Milifoili ni mmea mmoja, huota ziwani na hunywewa kama dawa.
Ni miwili, tena isiyo hata ya ukoo mmoja. Ya dawa, *Achillea millefolium*, huota nchi kavu na ni jamaa ya alizeti. Ya majini ni *Myriophyllum*. Jina moja maana yake majani elfu, jingine majani yasiyo na idadi. Kinachozifananisha ni jani lililochanika kama unyoya, basi.

Dhana: Ukishaikata umeimaliza.
Kosa hili limegharimu maziwa mengi ya Marekani. *Myriophyllum spicatum*, mgeni kutoka Ulaya na Asia aliyetambuliwa huko miaka ya 1940, huenea hasa kwa vipande. Kipande cha sentimita chache chenye kifundo kimoja huota mizizi, huzama, huanza upya. Ukikata bila kukusanya, umepanda. Na hata usipoigusa, baada ya kutoa maua hujimegua yenyewe, vipande vikiwa tayari na vijizizi.

Anayeng'oa kwa mkono huzamisha vidole topeni mpaka chini ya mizizi, huuinua mmea taratibu, kisha huuingiza kwenye mfuko wa wavu ungali chini ya maji. Mwenzake juu hudaka vinavyoelea. Ukivuta kwa shina tu, linakatika na mizizi inabaki. Penye eneo dogo, kama kando ya gati, tandaza kitambaa kizito kisichopitisha mwanga, ukilalie mawe, ukiache wiki 8 au zaidi. Kiwe na matundu madogo, la sivyo gesi ya tope hukivimbisha mpaka kikainuka. Boti likitoka majini, bandua kila unyuzi, mwaga maji yote, likauke siku 5 kabla ya kuingia ziwa jingine.

Dhana: Zote ni magugu.
*Myriophyllum sibiricum* ni mwenyeji wa Amerika Kaskazini, na samaki wadogo hujificha humo. Hesabu jozi za vijani kwenye jani moja: mgeni kwa kawaida ana 12 au zaidi, mwenyeji 11 kushuka chini. Mtoe majini: mgeni hulegea kama uzi uliolowa, mwenyeji husimama. Lakini hizi mbili huzaa chotara, na hapo hesabu hukwama. Kipimo cha vinasaba ndicho huamua.

Dhana: Samaki mla majani atasafisha.
Huanza na mimea anayoipenda zaidi. Milifoili hubaki bila mshindani.

Dhana: Isiyotoa mbegu haienei.
*Myriophyllum aquaticum* ya Amerika Kusini, pambo la bwawani, nje ya kwao ni majike matupu, haizai mbegu. Hata hivyo nayo huenea kwa vipande, ndiyo maana Uingereza ilipiga marufuku kuiuza mwaka 2014.

Dhana: Ya chai haina hatari, ni majani tu.
Mwenye mzio wa jamii ya alizeti asiiguse, wala mjamzito asiinywe. Hatari kubwa zaidi iko kwenye kuchuma: *Conium maculatum*, mmea wenye sumu inayoua, nayo ina maua meupe na majani yaliyochanika. Papasa shina. La milifoili lina vinyweleo. La sumu ni laini, lina uwazi ndani na madoa ya zambarau. Ukisita, usichume.