Ukatili wa wenza: nani huumizwa, na wapi

Ukatili wa wenza ni madhara anayofanyiwa mtu na mume, mke, mchumba au mpenzi wake, hata kama wameshaachana. Kipigo ni sehemu tu. Kulazimishwa tendo la ndoa, vitisho, matusi ya kila siku, kunyimwa hela ya matumizi, kupekuliwa simu na kukatazwa kwenda kwao, vyote vimo.

Je, wanawake na wanaume hutendeana sawasawa? Inategemea umeuliza nini. Tafiti nyingi za Marekani zilitumia orodha ya maswali aliyoitunga mwanasosholojia Murray Straus mwaka 1979: umemsukuma mwenzako? Umempiga kofi? Majibu ya pande mbili yalikaribiana. Mwaka 2000 mwanasaikolojia John Archer alijumlisha tafiti za namna hiyo akakuta wanawake wamezidi kidogo kwa kuinua mkono, ila kati ya waliojeruhiwa, 62% walikuwa wanawake.

Kasoro iko kwenye kuhesabu makofi. Mmoja anapigwa kofi, anasonya, anaondoka zake. Mwingine anapigwa kofi hilo hilo, kisha anadaiwa namba ya siri ya simu, kesho anazuiwa kwenda kazini, na siku akivunjwa mkono anapitia polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa. Kwenye dodoso wote wawili wamepata alama moja. Ukatili wa pili, wa kumtawala mtu kwa hofu, ndio unaowaelemea wanawake zaidi. Kwenye mauaji tofauti haifichiki: Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2017, 82% ya waliouawa na wenza wao duniani walikuwa wanawake. Hilo halimfuti mwanaume anayepigwa nyumbani. Naye anaumia, na wengi hunyamaza wakiogopa kuchekwa.

Nchi nazo zinapishana mno. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 uliwahoji wanawake faraghani. Mtu akiingia, mhoji aligeuza mazungumzo. Waliowahi kupigwa au kulazimishwa na mwenza walikuwa 15% katika mji mmoja wa Japani na 71% katika eneo moja la vijijini Ethiopia. Tanzania, Dar es Salaam ilikuwa 41% na mkoa wa Mbeya 56%. Pengo hilo ndani ya nchi moja linanifanya nikatae kabisa kauli ya “ndio mila zetu”.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, mila iseme isemavyo. Kinga hiyo ni ya mke na mume. Hata hivyo, katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, 58% ya wanawake na 40% ya wanaume walitaja angalau sababu moja inayompa mume haki ya kumpiga mkewe.